Upawa wa Saa ya Boma

Juzi, kwenye mazishi ya Mama Gaudensia, nilishuka kaburini nikaketi. Wachimbaji walikuwa wamemaliza, padre ameshafungua kitabu chake, jeneza liko juu ya kamba, na mimi Skolastika, ambaye hata kanisani nikipangiwa kusoma somo naumwa tumbo tangu Alhamisi, nikavua viatu, nikateremka, nikaegemeza mgongo kwenye udongo mbichi na kutangaza kwamba hapa hazikwi mtu mpaka Wangoni wakiri mbele ya umati kwamba marehemu alikuwa mwizi. Watu walicheka huku wanafuta machozi. Ndugu zake waliotoka Songea hawakunijua, wakaulizana, "Huyu binti nani?" na mtu akawajibu, "Mtani wake, Mpogoro. Mwacheni, ana haki yake." Wakakiri. Wakanivuta kwa mikono miwili nikatoka na matope hadi kwenye kola. Tangu jana wenzangu niliosoma nao wananitumia ujumbe: Skola, wewe? Umeanza lini? Nimeshindwa kuwajibu kwenye simu, kwa sababu mimi mambo yangu huwa nayaandika kwanza ndiyo nayaelewa. Nilianza mwaka niliokuwa kidato cha tatu, na kilichonianzisha ni saa.

Mwaka ule niliishi kwa Shangazi Tekla, aliyekuwa mhudumu katika lile jengo la zamani la serikali ambalo sisi wa Ifakara tumelizoea kwa jina la boma. Alifagia, alichemsha chai ya wakubwa, alifungua asubuhi na kufunga jioni. Nikitoka shule nilipitia pale, nikakaa kwenye benchi la ukumbini kungoja amalize ili turudi pamoja, na kwenye benchi lile nilifanya hesabu zangu, nikaandika shajara yangu, na nikasikia maneno mengi kuliko mtu yeyote aliyeajiriwa mle ndani, kwa sababu mtoto asiyesema watu humsahau. Ukumbi ulikuwa mrefu na wa giza hata mchana. Kuta zake nene zilitoa ubaridi kama wa mtungi, darini waliishi popo ambao harufu yao hakuna dawa iliyoiweza, na mwisho kabisa, kuelekea masijala, ndipo iliposimama saa. Ilikuwa ndefu kuliko mtu, imejengewa kabati la mbao nyeusi lenye mlango wa kioo, na usipojua ungesema ni jeneza lililosimamishwa. Ndani yake yalining'inia mawe mawili ya chuma kwa nyororo, na katikati yake ukapita, huku na huku, mpini mrefu wenye sahani ya shaba mwishoni. Wenye elimu yao wana jina la kitu hicho. Sisi tuliuita upawa, maana ndivyo ulivyokuwa, upawa wa kukorogea chungu kisichoonekana.

Kila mtu alikuwa na historia yake ya saa ile na hakuna aliyekubali ya mwenzake. Makarani walisema ni ya Wajerumani, kwa sababu kwao kitu chochote kizito ni cha Wajerumani. Mama Gaudensia, aliyekuwa na kibanda cha chakula nje ya geti, alisema ilibebwa mabegani na wafungwa kutoka Kilosa, na kwamba askari waliowasimamia walikuwa Wangoni, kwa hiyo kwa haki saa ni mali ya kwao. Lakini aliyejua ni Babu Wense, baba mdogo wa Shangazi, kwa sababu yeye aliikumbatia. Alikuwa kijana, tarishi wa ofisi, siku ilipoteremshwa kutoka nyumba ya Mwingereza mmoja kule Mahenge juu, ndani ya lori la magunia. Walimkalisha nyuma aishike isilale. "Nimeishika kama mgonjwa," alikuwa akisema, "kona zote za mlima ule. Tukafika mtoni, pantoni ikayumba, nikaiambia: mama, ukianguka tunaanguka wote." Tangu siku hiyo ikawa yake. Mafuriko yalipoingia mjini alilala nayo ukumbini. Chini kwenye miguu ya lile kabati ulibaki mstari wa maji. Na baada ya uhuru, vijana waliposema ichomwe kwa kuwa ni ya mkoloni, yeye alifungua kioo akazungusha mishale mpaka ikasoma kwa hesabu yetu, ikawa inagonga moja pale jua linapokuwa limeshachomoza na watu wanapokwenda kazini. Akawaambia, "Haya, sasa inasema Kiswahili. Mnamchoma nani?" Wakaiacha. Alistaafu, akazeeka, lakini kila Jumatatu alikuja na fimbo yake kuitia ufunguo, na alipoishiwa pumzi alimkabidhi Shangazi ufunguo huo mbele ya mkuu wa ofisi wa wakati huo.

Alifariki mwezi wa pili, mvua zikiwa nyingi. Ilikuwa Jumamosi tulipomzika, na njia ya kwenda makaburini inapita mbele ya boma. Watu wakasema Mzee hawezi kupita kama mgeni, apumzishwe barazani aage. Shangazi akafungua mlango mkubwa. Siku hiyo haikuwa ya kazi, wala hakuomba ruhusa kwa mtu. Alitoa funguo mfukoni akafungua, na kwa muda kidogo jeneza likakaa barazani, na kule ndani gizani tukaisikia saa ikitembea. Nadhani kila mtu aliisikia, kwa sababu waliokuwa wanaimba walinyamaza. Ndipo Mama Gaudensia alipochomoka. Alikuwa mwanamke mnene, mfupi, na siku ile alijipaka majivu usoni na kuvaa koti la mwanaume nje-ndani, kama watani wanavyofanya. Akaingia ukumbini mbio, tukasikia kioo kinafunguka, saa ikasimama, na akatoka amefunika kitu kwenye khanga, anapiga kelele: "Mzee mvivu huyu! Amelala, kazi anaiachia saa! Nimeipa likizo! Mkitaka upawa wenu, nileteeni mjukuu wake, na awe na mdomo!" Watu tulicheka msibani kama wendawazimu. Shangazi alicheka hadi akashikilia nguzo.

Ambaye hakukulia kwetu inabidi nimweleze kidogo. Kitu kikichukuliwa na mtani msibani hakijaibwa, wala hakijaazimwa. Kiko rehani kwa kicheko. Siku ya kuanua tanga, mjukuu wa marehemu anakwenda kukikomboa: anatukanwa, anajibu, wanatukanana mpaka upande mmoja unyooshe mikono, kisha jogoo anachinjwa na chombo kinarudi. Lakini tanga la Babu lilicheleweshwa. Mvua zilizidi, halafu mpunga ukaanza kuchanua, na kwenye bonde hili mpunga ukichanua mji unabaki na walimu na wagonjwa tu. Karibu wote walihamia mashambani. Mama Gaudensia alifunga kibanda chake akavuka kwenda shambani kwake, ng'ambo ya mto, kupita Lupiro, mahali ambapo simu hukubali ukipanda juu ya kichuguu tu. Ukumbi wa boma ukawa kimya. Nilikaa kwenye benchi langu nikisikia popo, na sikuuona ukimya ule kuwa kitu kibaya. Niliona kama nasi tumempa Babu dakika zake.

Kisha akaja yule bwana kutoka mkoani. Ofisi zilikuwa zinahamia jengo jipya, na yeye alitumwa kukagua mali yote ya jengo la zamani: kipi kinahama, kipi chakavu kinauzwa, kipi kinachukuliwa na mkoa. Jina lake nitaliacha. Sisi tulimwita Bwana Mkaguzi. Hakuwa mtu mbaya, naandika hivi leo kwa sababu mwaka ule niliandika vingine. Alikuwa kijana, shati lake limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na aliogopa wakubwa wake kama sisi tulivyomwogopa yeye. Alipita chumba kwa chumba, Shangazi nyuma yake na shada la funguo. Mimi nilikuwa benchini na daftari la jiografia mapajani. Walipofika kwenye saa akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hii ndiyo wanayoitaka kule," alisema. "Itawekwa panapostahili." Akafungua kioo. Akainama, akachungulia, akaingiza mkono kama mtu anayetafuta yai kwenye kiota.

"Mama, kile kinachobembea kiko wapi?"

"Kipo, bosi."

"Nakiona hakipo."

"Kipo kwa watu. Kitarudi."

"Kwa watu gani? Ufunguo wa hapa anao nani?"

"Mimi."

Alinyooka polepole. Mjini kulikuwa na wanunuzi wa vyuma chakavu siku zile. Vifuniko vya mitaro vilikuwa vinatembea vyenyewe usiku, na shaba ndiyo iliyotafutwa zaidi. Niliona wazo hilo linaingia usoni mwake na kukaa. Shangazi naye aliliona, kwa hiyo akamweleza yote: msiba, jeneza barazani, watani. Hakuficha hata kwamba alifungua ofisi Jumamosi. Nilitamani afiche hilo.

"Mama yangu," alisema Bwana Mkaguzi, "mimi pia nina watani. Kwetu wapo, tena wakorofi. Lakini wanachukua kuku, hawaingii ofisi ya serikali. Nipe jina la huyo mtani, polisi wamfuate, mambo yaishe."

"Jina siwezi, bosi."

"Huwezi au hulijui?"

"Nalijua kama ninavyolijua la mama yangu. Kumpa polisi ndiyo siwezi."

"Basi mpaka Ijumaa mchana chombo kiwe hapa. La sivyo polisi wanakuja, na hawatakuja kwa mtani. Watakuja kwa mwenye ufunguo."

Jumatano na Alhamisi nilisikia makarani wakinong'ona nyuma ya mlango wa masijala. "Tekla ameiuza." "Tekla? Aaa, Tekla haibi hata sukari." "Shida haina adabu, dada. Si anasomesha yule bubu?" Yule bubu nilikuwa mimi. Shangazi alipita na trei ya chai, wakakohoa, wakaanza kuongelea mbolea. Alhamisi jioni alipika wali mwingi kuliko kawaida, perege wawili wakubwa na mboga ya matembele, akaniwekea ukoko wote, mimi niupendao, na yeye akala tonge moja akakaa anatazama moto. Najua sasa alikuwa anafanya nini. Alikuwa anafikiria jinsi ya kunilisha akiwa hayupo. "Wajukuu wenye midomo wote wako mbali," alisema, siyo kwangu, kwa moto. "Deo yuko Mngeta kwenye mashamba ya watu, Anjela yuko Dar." Kisha akanitazama, akafumba macho kidogo, akageuka. Mimi pia nilikuwa mjukuu. Lakini alikuwa amelea mtoto ambaye mwalimu akiita majina darasani anaitika kwa kuinua mkono, na hakutaka kuniomba kitu ambacho hakimo ndani yangu. Kule kutoniomba ndiko kulikoniuma. Angeniagiza ningelia na kukataa, nadhani. Hakuniagiza.

Ijumaa, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo fupi, nilitoka alfajiri kabla hajaamka, nikamwamsha kijana wa jirani mwenye bodaboda. Tulivuka daraja kukiwa na ukungu, mto uko chini umejaa na mweupe kama uji, ng'ombe wa Wasukuma wanapelekwa malishoni, wenyewe nyuma na redio shingoni. Njia nzima nilirudia maneno niliyopanga kichwani. Yalikuwa mazuri sana. Yalikuwa ya heshima. Kupita Lupiro pikipiki ikashindwa matope, jamaa akabaki nayo, mimi nikavua ndala nikafuata kingo za majaruba, mpunga kifuani pande zote, unaanza kuwa wa njano, na kelele za watu wanaofukuza ndege zinatoka kila upande: mabati, makopo, mijeledi, matusi. Ndege wale wadogo wakishuka wingu zima kwenye shamba, mchana mmoja unatosha kuwalaza watoto njaa mwaka mzima, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anacheza.

Nilimwona Mama Gaudensia kabla hajaniona. Alikaa juu ya kichanja chake cha miti, kamba zimetoka mikononi mwake kwenda kila upande wa shamba, na kwenye kamba zimening'inizwa makopo ya mafuta na masufuria yaliyotoboka. Alivuta, shamba zima likalia. Na katikati ya makopo yale, kinang'aa kwenye jua la asubuhi, kinagonga sufuria na kurudi, kinagonga na kurudi, kilikuwa chombo cha serikali ambacho polisi walikuwa wanakuja kumkamatia shangazi yangu.

"Nani huyo anakuja kama kuku aliyenyeshewa?" alipaza sauti. "Ee jamani, Mpogoro! Mchele umewaishia huko?"

Wanawake wa mashamba ya jirani walicheka, watatu wanne, wakasogea kuangalia. Mimi nikafika chini ya kichanja, nikapiga goti kwenye tope. "Shikamoo mama," nikasema, na maneno yangu yote mazuri yakatoka kwa mkupuo mmoja, kwamba Shangazi yuko matatani, kwamba mwisho ni leo mchana, kwamba polisi, kwamba tafadhali mama nakuomba. Nilikuwa nalia. Nilipoinua uso, kicheko kilikuwa kimeondoka usoni mwake, na hakikuacha huruma. Kiliacha hofu.

"Polisi?" alisema taratibu. "Skola, umekuja kwangu na shikamoo na polisi?"

"Ndiyo mama."

Alishuka. Alinisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye nguo zake, akasema chini chini wale wengine wasisikie: "Nisikilize, mwanangu. Nikikupa kile chuma kwa sababu polisi wanakuja, basi nilikiiba. Umenielewa? Nitakuwa nimeiba ofisini, siku ya kumzika Wense, mbele ya jeneza lake. Nimeishi Ifakara miaka yote hii, nimewalisha ninyi, nimewazika ninyi, halafu niwe mwizi. Nikikupa kwa sababu umenishinda, nilikuwa na haki, na wewe una haki, na shangazi yako ana haki. Hakuna njia ya tatu." Kisha akarudi juu ya kichanja chake, akashika kamba zake, akapaza sauti tena: "Sijasikia kitu mimi! Mtani anayekuja kwa magoti amekuja kuomba chumvi! Mpeni chumvi aende!"

Mwaka huu nimemfikiria sana mwanamke yule juu ya kile kichanja. Kwa akili ya kawaida angenipa tu. Wapo niliowasimulia wakaniambia alikuwa na kiburi, na mimi pia niliandika hivyo usiku uliofuata, kwa herufi kubwa. Lakini nimeona tangu hapo watu wakipewa vitu vyao kwa kutishiwa, na nimeona jinsi wanavyotazamana baadaye sokoni. Saa yenyewe ilichukuliwa na mkoa miezi michache baadaye, imefungwa kwa magodoro, na sijui kama inatembea. Kilichobaki Ifakara ni watu ambao bado wanazikana.

Lakini pale chini sikufikiria chochote. Nilisimama. Wale wanawake walianza: "Mwacheni, huyu ndiye yule bubu wa Tekla." "Wapogoro ndivyo walivyo, babu zao walijificha mapangoni, sauti zikabaki humo humo!" Mama Gaudensia hakucheka. Alinitazama tu, mikono kwenye kamba, ndege wakamshukia upande wa mto na yeye hakuvuta. Jua lilikuwa linapanda. Niliona ndege wanakula mpunga wake, na yeye anawaacha wale, ananingoja mimi. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka.

"Mama Gaudensia," nikasema.

"Sisikii!"

"Mama Gaudensia! Babu zako walikuja kwetu na mikuki, wakachukua ng'ombe wetu na wanawake wetu. Wewe umekuja na khanga, ukachukua chuma kisicholiwa wala kuolewa. Kweli Wangoni mmeishiwa!"

Mmoja wa wale wanawake akapiga yowe la kicheko, akakaa chini kwenye kingo. Mama Gaudensia alijishika kiuno. "Hee! Kabubu kamesema! Na nyie mliokimbilia milimani, nani aliwafundisha kushuka?"

"Tulishuka tulipoona mmezeeka! Babu zangu walijificha mapangoni kwa kuogopa majeshi. Wewe umejificha kwenye mpunga kwa kumwogopa mfagizi! Tena unalindwa na upawa wa kwetu. Ndege wenyewe wanauliza: huyu Mngoni hana hata kopo lake?"

Nilisikia sauti yangu inavuka majaruba na kurudi. Sikuijua. Ilikuwa nene. Mama Gaudensia alicheka, akacheka, kichanja kikatikisika na makopo yote yakalia yenyewe, ndege wakaruka upande wa mto wingu zima, na alipokuwa bado anacheka nikaona anajifuta macho kwa kiganja na hayakauki. "Wense," alisema, siyo kwetu, "Wense, mjukuu wako ana meno. Mbona ulinificha?" Akanyoosha mikono yote miwili juu, kama sheria inavyotaka, wanawake wakapiga vigelegele. Akaufungua upawa mwenyewe, akausugua matope kwa pindo la nguo yake. Ulikuwa na mkwaruzo mahali ulipogongana na sufuria. "Jogoo mkubwa," alisema, "siyo kifaranga. Sasa kimbia!"

Nilikimbia. Dereva wangu aliuona upawa akasema, "Dada, hicho ni cha kanisani?" nikamwambia awashe tu pikipiki. Kwenye daraja palikuwa na foleni ya malori ya mizigo, na jua lilikuwa juu ya vichwa tulipoingia mjini. Mlangoni pa boma lilisimama gari la polisi. Makarani walikuwa barazani wote, hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Shangazi alikaa kwenye benchi langu ukumbini, amevaa gauni lake la Jumapili na ameshika mfuko mdogo ambao nilijua una nini: nguo za ndani, sabuni, rozari. Karibu naye alisimama polisi mmoja mtu mzima, kofia mkononi, na Bwana Mkaguzi mezani. Nikauweka upawa juu ya meza. Shangazi alinitazama matope, miguu, uso.

"Umetoka wapi?" aliuliza Bwana Mkaguzi.

"Ng'ambo."

"Kwa nani?"

Polisi aliuinua upawa, akaugeuza geuza, akapitisha kidole kwenye mkwaruzo. "Binti, huu ulikuwa unafanyiwa kazi gani?"

"Kufukuzia ndege, Afande."

"Shamba la Mngoni?"

"Ndiyo, Afande."

Akaurudisha mezani taratibu kama umemuunguza. "Bosi," alisema, "mimi kwetu ni Namtumbo, Mngoni mimi mwenyewe. Ukinituma nikamkamate mama yangu kwa ajili ya utani wa msiba, ni afadhali uniandikie kustaafu kabisa."

Barazani kuna mtu alicheka. Bwana Mkaguzi hakucheka. Alinyoosha kola ya shati lake. "Afande, mimi nina taarifa ya kupeleka. Chombo kilitoka kwenye jengo lililofungwa, kimerudi na mkwaruzo. Siwezi kuandika kabila. Lazima pawe na mtu."

"Niandike mimi," alisema Shangazi. Alisimama na mfuko wake. "Mlango nilifungua mimi. Tusichoshane."

"Hapana," nikasema. Ukumbi ule hurudisha sauti, nikajisikia mara mbili. "Shangazi alifungua ili mzee aage, na hilo alishakwambia. Upawa niliukomboa mimi, mbele ya watu, na anayekomboa ndiye anayejibu. Andika Skolastika, mjukuu wa marehemu. Jina la mwingine hulipati hapa, wala ng'ambo, hata ukivuka na gari tatu."

"Una miaka mingapi wewe?"

"Kumi na sita."

Polisi alikohoa. "Mtoto huyo, bosi. Ukimwandika huyo, mkoani watakuuliza wewe."

Bwana Mkaguzi alitazama upawa, akanitazama mimi, akautazama mlango wa barazani uliojaa vichwa. Mwishowe aliinama akaandika kidogo sana, na alipokuwa anaandika alisema bila kuinua kichwa: "Mama Tekla, ofisi haifunguliwi Jumamosi. Nakuonya kwa hilo tu. Chombo kimepatikana. Nendeni mkale."

Tulitoka. Barazani walitupisha. Shangazi alitembea mbele yangu amenyooka mpaka kwenye mti ambapo alifunga baiskeli yake kwa mnyororo, akainama, akaanza kutafuta tundu la kufuli. Ufunguo uligonga chuma, ukateleza, ukagonga tena. "Nani kakufundisha kuwajibu wakubwa hivyo?" aliuliza, mgongo kwangu, sauti kavu. "Nani? Ungewekwa ndani wewe, ningemwambia nini baba yako?" Alijaribu tena, akashindwa, akabaki amechuchumaa pale na kichwa kwenye tairi. Nikauchukua ufunguo kutoka vidoleni mwake, nikafungua, nikaufunga mnyororo kwenye usukani. Siku zote yeye ndiye aliyeendesha, mimi nyuma na mkoba wa shule.

"Panda, Shangazi," nikasema.

Akainuka, akapanda nyuma kwa ubavu, akanishika kiunoni. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nikakanyaga.